Nani Ana Ufunguo wa Ukumbi?



Ukipita katikati ya mji wa Dar es Salaam utaiona sanamu ya shaba ya askari aliyeshika bunduki yenye singe. Iliwekwa hapo mwaka 1927, na kwenye nguzo yake pameandikwa maneno ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili hicho kimeandikwa pia kwa herufi za Kiarabu, walizokuwa wakizisoma wazee wetu. Mombasa na Nairobi pia ziko sanamu za namna hiyo. Zote ni ukumbusho wa Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika vita vya 1914 mpaka 1918. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza, kwa hesabu za serikali yenyewe, walipita 40,000. Jina la Kariakoo, ambalo kila mtu analitaja akienda sokoni, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao.

Sasa nakuuliza: mjane wa mpagazi yule alifaidika nini na shaba ile? Mwanawe alipata wapi pa kusoma, na jirani zake walipata wapi pa kukutana?

Swali hili si langu peke yangu. Waingereza wenyewe, waliotuwekea sanamu, waliulizana swali hilohilo katika vijiji vyao baada ya vita. Kijiji baada ya kijiji watu walikaa wakashauriana: tuwakumbuke vijana wetu kwa nguzo ya mawe, au kwa jumba litakalowafaa walio hai? Wengi walichagua nguzo. Lakini wako waliochagua ukumbi, na wengine walifanya yote mawili. Ndiyo maana mpaka leo, ukiingia katika kumbi nyingi za vijiji vya Uingereza, utakuta ukutani ubao wenye majina ya waliokufa, na chini ya ubao huo watoto wadogo wanacheza na wazee wanakunywa chai.

Nimeona inafaa tuitazame habari ya kumbi hizi, kwani ndani yake mna funzo linalotuhusu sana sisi watu wa pwani.

Kabla ya vita vile, mkulima wa kijiji cha Uingereza alikuwa na mahali pachache pa kukutana na wenziwe. Palikuwa na kanisa, palikuwa na shule, na palikuwa na kilabu cha pombe. Katika karne ya 19 matajiri wenye ardhi na makasisi walianza kujenga vyumba vya kusomea, wakaweka magazeti na vitabu ili wanaume waepukane na ulevi. Jambo hilo lilikuwa jema, lakini lilikuwa na kasoro yake. Mara nyingi chumba kilikuwa cha bwana aliyekijenga, na yeye ndiye aliyeamua nani aingie, lini, na azungumze nini. Wanawake kwa kawaida hawakuwa na nafasi humo.

Vita vilibadilisha mambo. Mwaka 1915, katika kijiji cha Llanfairpwll huko Wales, wanawake waliunda chama chao cha kwanza cha namna yake katika Uingereza, wakifuata mfano wa wanawake wa Kanada walioanza mwaka 1897. Chama hicho kilienea upesi vijijini, na kila kilipofika wanawake walikuta taabu moja: hawana pa kukutania. Basi wao wakawa miongoni mwa wa mbele katika kudai ukumbi na kuuchangia.

Fedha zilipatikanaje? Usidhani kwamba serikali ilimwaga mapesa. Haba na haba hujaza kibaba. Watu walipika jamu wakauza, wakafanya maonyesho na michezo, na wenye mikokoteni wakabeba mawe na mchanga bila ujira. Vita vilipokwisha, jeshi lilikuwa na mabanda mengi ya mbao yasiyo na kazi. Vijiji vingi vikayanunua, vikayabomoa ubao kwa ubao, vikayajenga tena nyumbani, na banda la askari likawa ukumbi wa wanakijiji. Mwaka 1919 liliundwa Baraza la Taifa la Huduma za Jamii, na katika miaka ya 1920 likaanza kuvikopesha vijiji fedha za kujengea. Kijiji kilitakiwa kwanza kionyeshe mchango wake mwenyewe, kisha ndipo kipate mkopo.

Ama majengo yenyewe, si ya fahari. Ukiingia utakuta ukumbi mmoja mkubwa wenye sakafu ya mbao, na mwisho wake jukwaa dogo lenye pazia. Pembeni mna chumba cha mikutano cha watu kumi au kumi na tano. Mna jiko lenye birika kubwa la chai na vikombe vya kutosha kijiji kizima. Mna stoo ya viti na meza za kukunja, mna vyoo, na mlangoni pana ubao wa matangazo. Siku hizi yameongezwa mengine: njia ya mteremko kwa wanaotumia viti vya magurudumu, kifaa cha kumshtua mtu aliyesimama moyo, na penginepo vioo vya kuvuna umeme wa jua juu ya paa.

Lakini ukumbi huo mmoja hufanya kazi za nyumba ishirini. Asubuhi watoto wachanga hupimwa uzito humo, mchana wazee hula pamoja, jioni vijana hufanya mazoezi. Siku ya uchaguzi watu hupiga kura humo. Kijiji kilichofungiwa ofisi yake ya posta huletewa karani kwa saa chache kwa juma, naye huweka meza yake ukumbini. Mna arusi, mna matanga, mna mnada wa nguo kuukuu. Septemba 1939, watu kama milioni moja na nusu, wengi wao watoto, walipohamishwa kutoka mijini kwa kuogopa mabomu, katika vijiji vingi walipokelewa ukumbini, wakapewa chai, ndipo wakagawiwa majumba ya kukaa. Na katika vita hivyo hivyo wanawake wa vyama vya vijijini walihifadhi zaidi ya tani 5,000 za matunda yasioze, na kazi nyingi ya hiyo ilifanyika katika majiko ya kumbi hizi.

Sitakuficha, msomaji, kwamba humo pia mna dansi, na katika baadhi yake mna pombe. Lakini ziko kumbi ambazo aliyetoa ardhi aliandika katika hati kwamba kileo kisiingie ndani, na sharti lake likashikwa miaka mingi baada ya yeye kuzikwa. Na Waislamu waliohamia Uingereza wamezitumia kumbi za namna hii kwa kuzikodi, wakasali Ijumaa na kufundisha watoto wao Qur'ani kabla hawajapata msikiti.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yangu. Uingereza peke yake, bila ya Wales na Scotland, ina kumbi za vijiji zaidi ya 10,000. Nyingi zimepita umri wa miaka themanini au mia. Ni kitu gani kilichoziweka hai? Matofali hayajilindi yenyewe. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kitu cha kwanza ni hati. Ukumbi wa kijiji kwa kawaida si mali ya mtu wala si mali ya mwenyekiti. Umeandikwa kuwa ni amana kwa faida ya wakaazi wote wa kijiji, na sheria inazitambua amana za namna hiyo. Mwaka 1955 mahakama ya juu kabisa ilitoa hukumu katika kesi moja ya ardhi iliyotolewa kwa ajili ya michezo na mapumziko, ikasema kwamba si sadaka kisheria. Watu wakaingiwa na hofu kwamba kumbi za vijiji nazo zitapoteza haki zao. Bunge likatunga sheria mwaka 1958, na kumbi za vijiji zikatajwa ndani yake kwa jina lake.

Kitu cha pili ni kamati, na hapa tazama hekima yake. Mara nyingi wanaoshika hati ya ardhi ni wengine, na wanaoendesha ukumbi ni wengine. Anayeshika hati hana ruhusa ya kukodisha hata kiti, na anayekodisha hawezi kuuza ardhi. Tena kamati haichaguliwi na mkutano wa mwaka peke yake. Kila chama kinachoutumia ukumbi hupeleka mtu wake: wanawake wana wao, wacheza mpira wana wao, kanisa lina wake. Basi kila anayekaa ndani ana jicho lake katika daftari.

Na daftari ndilo kitu cha tatu. Kila mwaka hesabu husomwa mbele ya watu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na bati gani linavuja. Wazee wetu wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Huenda ukasema, haya ni mambo ya Wazungu. La, ndugu yangu. Haya tunayo kabla yao. Sayyidna Umar bin Khattab alipopata ardhi yake ya Khaybar, alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka shauri. Akaelekezwa aizuie asili yake na atoe mazao yake sadaka, isiuzwe, isitolewe zawadi, wala isirithiwe, na msimamizi wake ale kwa wema bila ya kujitajirisha. Hiyo ndiyo wakfu. Itazame vizuri utaona kwamba yote yamo: hati, sharti la mtoaji, msimamizi na mpaka wake. Wako hata wanazuoni wa sheria waliosema kwamba amana ya Kiingereza imechukua kitu katika wakfu, wakatoa mfano wa chuo cha Merton kilichoanzishwa mwaka 1264, ambacho hati zake zinafanana sana na za wakfu. Wengine hawakubali. Lakini iwe wameiga au hawakuiga, wao wanayatenda, na sisi mara nyingi tunayasoma tu.

Nitakupa kisa nilichokiona mwenyewe. Katika mtaa niliokulia palikuwa na banda refu, lililotolewa na bibi mmoja aliyekuwa hana mtoto. Alisema kwa mdomo wake mbele ya watu: asubuhi watoto wasome, jioni watu wakae arusi na matanga. Hakuandika. Aliposhika ufunguo mzee mmoja mwaminifu, mambo yalikwenda vizuri sana. Mzee akafa, ufunguo ukabaki kwa mwanawe. Mwaka wa kwanza kijana akaweka mifuko yake ya saruji pembeni. Mwaka wa pili saruji ikajaa mpaka mlangoni, watoto wakahamia chini ya mwembe. Mwaka wa tatu akasema kiwanja ni cha baba yake, na hapakuwa na karatasi hata moja ya kumjibu. Watu walinung'unika barazani, kisha wakanyamaza. Mimi nilikuwa mmoja wa walionyamaza.

Nani alimdhulumu bibi yule? Kijana, bila ya shaka. Lakini na sisi tulimdhulumu. Tulimwamini mzee kwa uaminifu wake, jambo ambalo ni zuri, tukasahau kwamba mwaminifu naye hufa. Hatukutaka daftari kwa kumwonea haya, tukadhani kuuliza hesabu ni kumtuhumu mtu. Kumbe daftari ni ngao ya mwaminifu kabla ya kuwa pingu ya mwizi.

Sote twajua mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba mtu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na moja katika hayo ni sadaka yenye kuendelea. Basi fikiri: mtoaji yuko kaburini, anangoja thawabu ya watoto wanaosoma, na sisi tumeziba mlango kwa saruji.

Kwa hivyo nakuomba mambo mawili. Ikiwa mtaani kwenu pana ukumbi, madrasa, kisima au nyumba iliyotolewa kwa ajili ya watu, uliza wiki hii: hati yake iko wapi, na nani ana ufunguo? Kama imeandikwa, iwe na nakala kwa zaidi ya mtu mmoja, na isajiliwe kwa wanaohusika, kwani Zanzibar na Kenya zina Kamisheni za Wakfu kwa kazi hiyo. Kama haikuandikwa, waandikeni mashahidi waliobaki kabla hawajaondoka. Kisha wekeni siku moja katika mwaka, hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wanaume na wanawake wanaoutumia ukumbi huo, na atakayeisoma ashukuriwe.

Askari wa shaba ataendelea kusimama, kwani shaba haidai matunzo makubwa. Ukumbi ndio unaodai: unadai fagio, unadai bati, unadai hesabu kila mwaka.

Wabillahi tawfiq.