Viuatilifu na Viyeyushi: Historia ya Upimaji Ngaramtoni

Taasisi ya viuatilifu iliyopo Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, ilianzia Entebbe, Uganda, mwaka 1945, kama kitengo cha kikoloni cha kuchunguza DDT na dawa za jamii yake. Baadaye ikahamia Arusha, ikawa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka 1977. Sheria ya mwaka 1979 iliifanya taasisi ya Tanzania, ijulikanayo kama TPRI, na ile ya mwaka 2020 ikaiingiza katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Katika enzi za DDT, mdudu mwenyewe alikuwa kipimo. Mbu walifungiwa kwa muda mfupi kwenye ukuta uliopuliziwa dawa, na kesho yake wafu wakahesabiwa. Kipimo hicho hakikuhitaji kiyeyushi, na kilijua jambo ambalo kemia peke yake ingelikosa: kuta za udongo hufyonza DDT, kwa hiyo dawa inaweza kuwamo ukutani na mbu asife. Lakini mbu hasemi ni dawa gani iliyomuua, wala hawezi kupima chembe zilizobaki kwenye nyanya.

Kazi hiyo ikachukuliwa na kromatografia ya gesi, hasa baada ya James Lovelock kubuni mwaka 1957 kigunduzi chepesi mno kuhisi dawa zenye klorini. Kigunduzi kilitosheka na chembe. Kilichokula kemikali ni matayarisho ya sampuli. Katika njia ya Luke ya mwaka 1975, iliyoenea duniani, gramu 100 za mboga zilisagwa na mililita 200 za asetoni, kisha zikaongezwa petroli etha na dikloromethani, na sehemu kubwa ya vimiminika hivyo ikavukizwa. Ajabu ni kwamba kazi ya kulinda walaji na sumu ilimwachia fundi wa maabara mvuke wa sumu nyingine.

Mwaka 2003 Anastassiades, Lehotay na wenzao walitangaza njia nyingine ya kutayarisha sampuli, QuEChERS. Gramu 10 za maharage machanga yaliyosagwa hutiwa kwenye mrija pamoja na mililita 10 za asetonitraili, hutikiswa, huongezwa salfeti ya magnesiamu na chumvi ya kawaida, kisha mrija huzungushwa kwa kasi. Kiyeyushi hupanda juu kikiwa na dawa, na maji hubaki chini. Dikloromethani haihitajiki tena. Asetonitraili nayo ni sumu, kwa hiyo masalia yake hukusanywa kwenye chombo maalumu badala ya kumwagwa kwenye sinki.