Bendi ya Kuziba Pengo

Julai 4, 1957, bendi ya Buzz Busby ilikuwa na shoo Bailey's Crossroads, Virginia, lakini Busby akaumia kwenye ajali ya gari. Mpiga banjo wake, Bill Emerson, akatafuta watu wa kuziba pengo: Charlie Waller wa gitaa na John Duffey wa mandolini. Hao ndio wakawa The Country Gentlemen.

Mwaka 1998 kampuni ya Rebel ilikusanya rekodi zao za 1962 hadi 1971 kwenye CD 4. Mimi huanza na "Bringing Mary Home": dereva anampa msichana lifti usiku, kumbe alishakufa zamani. Si hata sisi tumekua na stori kama hiyo?

Walipoanza, bluegrass yenyewe ilikuwa changa. Bill Monroe aliijenga miaka ya 1940, na banjo ilifika Marekani na Waafrika waliopelekwa utumwani. Duffey na wenzake wakaongeza nyimbo za folk na ladha ya jazi. Leo vurugu hiyo inahifadhiwa kama urithi.

Kwa hivyo ukiambiwa unaharibu muziki wa wazee, uliza tu: na wao waliukuta hivyo?