Fasihi Pendwa Chini ya Bunduki: Majarida ya Shanghai, 1941-1945

Wapo wanaodai kwamba kuandika hadithi za mapenzi nchi inapokaliwa na adui ni usaliti. Shanghai haikubali hukumu nyepesi namna hiyo.

Majeshi ya Japani yaliuteka mji huo mwaka 1937, isipokuwa mitaa iliyosimamiwa na mataifa ya Magharibi. Desemba 1941 mtaa wa kimataifa nao ukavamiwa. Waandishi wengi walikuwa wamekwisha kimbilia bara. Yaliyosalia aghalabu ni majarida ya mapenzi, vichekesho na upelelezi, mojawapo likiwa *Wanxiang*, lililoanza Julai 1941. Mwaka 1942 mhariri wake, Chen Dieyi, alianzisha mjadala wa fasihi pendwa. Kwa sisi walimu wa lugha, hapo ndipo penye utamu: alitaka uvunjwe ukuta kati ya waandishi wa mtindo mpya na wale wakongwe waliobezwa kuwa wauza machozi. Mmoja wa wakongwe hao, Zhou Shoujuan, ndiye aliyechapisha katika *Ziluolan*, mwaka 1943, hadithi iliyomtambulisha Zhang Ailing, binti wa miaka 22.

Ke Ling, aliyempokea Chen uhariri mwaka huohuo, alikamatwa na polisi wa kijeshi wa Japani. Je, huyo naye msaliti? Jarida la *Zazhi* linatatiza zaidi: lilitoka chini ya kivuli cha Wajapani, ilhali Yuan Shu, aliyelisimamia, alikuwa jasusi wa Wakomunisti. Ni *Zazhi* lililotoa mkusanyiko wa Zhang mwaka 1944, ukamalizika madukani kwa siku chache.