Foklifti ghalani: Kifaa cha kupachika hupunguza uzito unaofaa kuinuliwa

KATIKA maghala mengi ya Mombasa, Nairobi na Athi River, kazi iliyokuwa ikifanywa na makuli kwa mabega yao sasa hufanywa na foklifti. Mashine hiyo hupakua kontena, hupanga marobota ya mitumba, huinua mapipa ya mafuta na kupandisha magunia ya chai kwenye malori. Wengi huichukulia kuwa gari dogo tu la kubebea mizigo, na dhana hiyo imegharimu maisha ya watu katika nchi nyingi.

Mnamo 1999, taasisi ya utafiti wa usalama kazini nchini Marekani, NIOSH, ilitoa tahadhari kuhusu mashine hizo. Kwa mujibu wa takwimu zake, wafanyakazi 1,021 walifariki nchini humo kati ya 1980 na 1994 katika ajali zilizohusu foklifti. Asilimia 22 ya vifo hivyo ilitokana na foklifti kupinduka, na asilimia 20 ilikuwa ya watu waliogongwa wakitembea kwa miguu.

Ajali inapotokea, lawama aghalabu humwangukia dereva. Hata hivyo, hatari yaweza kuanzia ofisini, pale meneja anaponunua kifaa cha kupachika kwenye mlingoti wa foklifti bila kuuliza kitapunguza uwezo wake kwa kiasi gani.

Wenzo wenye magurudumu

Foklifti ya kawaida hufanya kazi kama wenzo. Ekseli ya mbele ndiyo egemeo. Upande mmoja kuna mzigo ulio juu ya uma mbili za chuma. Upande wa pili kuna injini au betri pamoja na bonge zito la chuma lililowekwa nyuma ili kuusawazisha mzigo. Ndiyo maana foklifti ya kuinua tani 2.5 yenyewe huwa na uzito wa takriban tani 3.5 hadi 4, ingawa kwa urefu haimfikii hata motokaa ya kawaida.

Katika wenzo, uzito pekee hautoshi kueleza hali. Umbali kutoka kwenye egemeo nao huhesabiwa. Kwa hivyo kibati cha maelezo kilichobandikwa karibu na dereva hakitaji kilo tu. Hutaja pia kitovu cha mzigo, yaani umbali kutoka kwenye uso wa wima wa uma hadi katikati ya mzigo. Kwa foklifti nyingi za ukubwa wa wastani umbali huo ni milimita 500. Mzigo uleule ukiwa mrefu zaidi, au ukiwekwa bila kusukumwa hadi mwisho wa uma, kitovu chake husogea mbele na uwezo wa mashine hupungua.

Isitoshe, ingawa foklifti nyingi zina magurudumu manne, ekseli ya nyuma hushikiliwa katikati na huweza kuinama upande huu na ule. Kwa hakika mashine husimama juu ya nukta tatu: magurudumu mawili ya mbele na katikati ya ekseli ya nyuma. Wataalamu huliita eneo lililo kati ya nukta hizo pembetatu ya uthabiti. Maadamu kitovu cha uzito wa mashine na mzigo kiko ndani ya pembetatu hiyo, foklifti husimama. Kikitoka nje, hupinduka.

Jambo linalowashangaza wengi ni kuwa foklifti isiyo na mzigo ni nyepesi kupinduka kwa upande inapokata kona kwa kasi. Ikiwa tupu, kitovu chake cha uzito hurudi nyuma, mahali ambapo pembetatu ni nyembamba.

Hesabu ya kilo zinazopotea

Tuchukue mfano wa foklifti ambayo kibati chake kinasema kilo 2,500 kwa kitovu cha milimita 500. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi uso wa uma kuna milimita 450. Umbali wote kutoka egemeo hadi katikati ya mzigo ni milimita 950. Ukizidisha kilo 2,500 kwa 950, unapata 2,375,000. Hicho ndicho kipimo ambacho mashine haifai kukipita.

Sasa uma zinaondolewa na mahali pake panapachikwa koleo la kubana marobota, lenye uzito wa kilo 400 zaidi ya uma hizo. Kitovu cha koleo kiko milimita 150 mbele ya uso wa awali, hivyo ni milimita 600 kutoka egemeo. Koleo lenyewe linakula 240,000 ya kipimo chetu kabla ya robota lolote kuguswa. Zinabaki 2,135,000.

Aidha, unene wa koleo unausukuma mzigo mbele kwa milimita 180. Kutoka egemeo hadi katikati ya mzigo sasa ni milimita 1,130. Ukigawanya 2,135,000 kwa 1,130, unabaki na kilo 1,889 pekee. Zaidi ya kilo 600 zimepotea, ilhali kibati cha awali bado kinasema 2,500.

Dereva anayeinua kilo 2,200 katika hali hiyo huamini kuwa anatii maelezo ya kibati. Kumbe anaila akiba ya usalama ambayo mtengenezaji aliiacha kwa ajili ya breki za ghafla, sakafu mbovu na kona kali. Hesabu hii ni ya kuelewesha tu. Takwimu za kazi sharti zitoke kwa mtengenezaji wa foklifti, kwa kuwa urefu wa mlingoti na nguvu za haidroliki pia huathiri uwezo.

Vifaa na kazi zake

Kifaa kinachopatikana kwa wingi zaidi ni kile cha kusogeza uma kushoto na kulia. Humwezesha dereva kuuelekeza mzigo sawasawa bila kurudi nyuma na kujipanga upya, jambo linalopunguza uharibifu wa paleti na rafu. Hupunguza uwezo kwa kiasi kidogo tu, lakini mzigo uliosogezwa pembeni kabisa ukiinuliwa juu huvuta mashine upande huo.

Koleo la marobota hufaa kwa pamba, katani na mitumba, bidhaa zinazovumilia kubanwa. Koleo la mabunda ya karatasi, kama yale yanayotumiwa na viwanda vya uchapishaji, huwa na mikono iliyopinda na mara nyingi huweza kuzunguka ili kulilaza bunda au kulisimamisha. Nguvu ya kubana ikizidi, bunda hupoteza umbo lake la duara na kusumbua kwenye mtambo wa kuchapisha. Ikipungua, huteleza na kuanguka.

Kipo pia kifaa cha kuvuta na kusukuma, ambacho hunasa ukingo wa karatasi ngumu iliyowekwa chini ya mzigo badala ya paleti. Huokoa nafasi ndani ya kontena, lakini ni kizito na huusogeza mzigo mbele. Kwa mapipa, kuna vibanio vinavyoshika ukingo au kiuno cha pipa. Kuyabeba mapipa yakiwa yamesimama juu ya uma tupu ni kukaribisha ajali.

Viongezeo vya uma ni mirija ya chuma inayovishwa juu ya uma kwa ajili ya mizigo mirefu. Kanuni ni kuwa urefu wa kiongezeo usipite mara moja na nusu ya urefu wa uma inayokishikilia, na sharti kifungwe kwa pini kisichomoke.

Kuhusu kuwainua watu, paleti si jukwaa. Kazi za juu zinahitaji ngazi salama au mashine iliyoundwa kwa kazi hiyo. Pale mtengenezaji anaporuhusu kizimba cha kuinulia watu, sharti kiwe na kingo pande zote, kifungwe imara kwenye mlingoti, na dereva asiondoke kitini mtu akiwa juu.

Maswali kabla ya kununua

Mnunuzi anafaa kuanza na mzigo wenyewe wala si orodha ya bei. Una uzito gani, upana gani, na waweza kubanwa kwa nguvu kiasi gani bila kuharibika? Utainuliwa hadi urefu gani? Je, kifaa kitatumika kutwa nzima au mara moja kwa wiki?

Swali la pili ni iwapo kifaa kinaingiliana na mashine. Chini ya vipimo vya kimataifa, foklifti za kilo 1,000 hadi 2,500 hutumia bamba la kubebea uma la daraja la 2, lenye kimo cha milimita 407. Zile za hadi kilo 4,999 hutumia daraja la 3, lenye milimita 508. Kifaa cha daraja moja hakiketi kwenye bamba la daraja jingine, na kukilazimisha kwa kuchomelea vyuma ni hatari. Vilevile, koleo linahitaji mipira ya ziada ya haidroliki, ambayo foklifti nyingi zilizotumika huja bila kuwa nayo.

Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi: je, mtengenezaji wa foklifti ametoa idhini kwa maandishi, na je, ametoa kibati kipya kinachoonyesha uwezo uliobaki? Nchini Marekani masharti hayo mawili yamo katika kanuni za serikali. Mnunuzi wa Kenya hana sababu ya kuridhika na chini ya hapo.

Kanuni za kila siku

Kabla ya zamu, dereva akague magurudumu, breki, honi, minyororo ya mlingoti, uvujaji wa mafuta na hali ya uma. Uma iliyolika kwa asilimia 10 ya unene wake wa awali iondolewe kazini, kwani nguvu zake huwa zimepungua kwa takriban asilimia 20.

Mashine iendapo, mzigo uwe chini, kama sentimita 15 kutoka sakafuni, na mlingoti uinamishwe nyuma kidogo. Mzigo ukiziba macho, dereva aendeshe kinyumenyume. Kwenye mteremko, mzigo uelekee upande wa juu daima, iwe foklifti inapanda au inashuka, na asithubutu kugeuza hapo. Akiegesha, ateremshe uma hadi sakafuni, avute breki na aondoe ufunguo.

Mkanda wa kiti ufungwe kila wakati. Foklifti ikianza kupinduka, silika humwambia mtu aruke. Anayeruka mara nyingi huangukiwa na paa la chuma la mashine hiyohiyo. Katika foklifti ya kukalia, dereva anashauriwa kubaki kitini, kushikilia usukani kwa nguvu, kukaza miguu na kuegemea upande ulio kinyume na ule inakoangukia.

Wanaotembea kwa miguu, hasa vibarua wa siku moja wasioijua mashine, watengewe njia yao iliyochorwa sakafuni. Foklifti hugeuzwa kwa magurudumu ya nyuma, hivyo nyuma yake hufagia upande kwa ghafla na kumbana mtu ukutani. Asiwepo mtu yeyote chini ya uma zilizoinuliwa, ziwe na mzigo au ziwe tupu.

Sheria yasemaje

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri nchini Kenya kuweka mitambo salama na kutoa maelezo, mafunzo na usimamizi kwa wafanyakazi. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, sharti kuwe na kamati ya usalama na afya. Ajali inayosababisha kifo sharti ifahamishwe afisa wa usalama na afya kazini wa eneo hilo ndani ya saa 24, kisha ripoti ya maandishi ipelekwe ndani ya siku saba.

Sheria hiyo pia inamtaka mfanyakazi kumwarifu msimamizi wake anapoona hatari, na haimruhusu mwajiri kumlazimisha arudi mahali penye hatari kubwa kabla haijaondolewa. Dereva anayekataa kuinua mzigo kwa mashine isiyo na kibati sahihi hafanyi ukaidi.

Ukaguzi huo hauhitaji mtaalamu wala gharama. Kabla ufunguo haujazungushwa, dereva atazame kifaa kilichopachikwa mbele yake, kisha asome kibati. Kama kifaa hicho hakikutajwa hapo, foklifti na ibaki imeegeshwa hadi kibati kinachostahili kipatikane.