Treni ya Usiku Redioni

Nazima taa kwanza, ndipo naisikiliza *Suspense*, michezo ya redio iliyorushwa na CBS ya Marekani kuanzia 1942 hadi 1962. Mchezo ninaourudia ni “Sorry, Wrong Number” wa Lucille Fletcher, uliosikika Mei 1943. Mwanamke mgonjwa yuko kitandani. Laini za simu zinaingiliana, anawasikia watu wakipanga mauaji. Yatafanyika treni ikipita darajani, ngurumo yake imeze ukelele. Mwigizaji Agnes Moorehead anaubeba mchezo karibu peke yake: anaanza kwa kukereka, mwishowe pumzi zinamkatika. Hakuna damu ya kuona. Ni mlio wa kuzungusha namba tu, na sauti tulivu ya opereta, utulivu unaoniumiza kuliko kelele zote. Mwisho naujua, lakini treni ikikaribia, mwili hunisisimka.