Dawati Lifuate Mwili wa Mtoto

Kila madawati mapya yanapokabidhiwa shule zetu za Pwani, tunatangaziwa idadi tu. Mimi huuliza jambo jingine: yamechongwa kwa kimo cha mtoto yupi?

Swali hili limekuwa zito zaidi tangu Januari 2023, Gredi ya 7 ilipoanza masomo ya sekondari ya msingi ndani ya shule za msingi. Sasa ua mmoja una mtoto wa miaka 6 na kijana wa miaka 14. Wakichongewa dawati la kipimo kimoja, mdogo ataning'iniza miguu na mkubwa atagota magoti.

Vipimo vya lazima ni vitatu, na futi kamba yatosha. Mtoto apimwe akiwa ameketi wima, amevaa viatu.

Kwanza, toka sakafuni hadi nyuma ya goti. Kiti kiwe chini kidogo ya hapo, nyayo zikanyage sakafu. Kikizidi, ukingo wake hubana mapaja na miguu hufa ganzi.

Pili, toka makalioni hadi nyuma ya goti. Kina cha kiti kipungue hapo kwa vidole viwili au vitatu, la sivyo mgongo haufikii egemeo.

Tatu, toka kwenye kiti hadi kiwiko, mkono ukiwa umeshuka ubavuni. Ubao wa kuandikia uwe usawa huo au juu kidogo. Ukiwa juu mno mabega hupanda. Ukiwa chini mno mgongo hupinda.

Ulaya wana kiwango kiitwacho EN 1729, kinachogawa viti vya shule kwa saizi na rangi. Manjano ni ya kimo cha sentimita 119 hadi 142, kiti sentimita 35. Nyekundu ni ya 133 hadi 159, kiti 38. Kijani ni ya 146 hadi 176.5, kiti 43. Saizi zinapishana kwa sababu watoto wa darasa moja hawalingani.

Sisemi tunakili jedwali lao. Tupime watoto wetu. Kabla bodi ya shule haijatia sahihi, walimu wapime kila gredi, wampe fundi saizi tatu au nne, naye atie kila saizi rangi yake. Mbao ni zile zile na fundi ni yule yule. Kinachobadilika ni pale msumeno unapopita, na mtoto ndiye atakayekalia matokeo yake kwa miaka.