Walipodhaniwa wanakula watu

Mwandishi wa habari akisikia neno "inasemekana" anatakiwa ashtuke. Mimi juzi nilishtuka nikiwa kanisani, wakati wa komunyo. Padri aliinua mkate, akataja mwili, akataja damu, nasi tukaitikia amina kama watu waliozoea. Nikajiuliza: mgeni asiyejua lolote, akisikia hayo akiwa mlangoni, ataripoti nini?

Historia inalo jibu, na si jibu zuri.

Soma Yohana sura ya 6. Yesu anajiita mkate wa uzima, kisha anasema mwili wake ni chakula na damu yake ni kinywaji. Aliwaambia hayo Wayahudi, watu waliokatazwa na Torati hata damu ya mnyama. Wanafunzi wengi waliona neno hilo ni gumu, wakamwacha. (Ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti juu ya maana yake nauacha, una umri wa karne tano.) Kama waliokuwapo walichanganyikiwa, sembuse jirani wa Kirumi aliyepata habari nusunusu?

Katika karne ya 2 uvumi ukawa huu: Wakristo humfunika mtoto mchanga kwa unga, kisha mwumini mpya huambiwa apige, akidhani ni donge tu. Halafu wote wanakula. Ona ulivyotengenezwa: mkate upo, mwili upo, damu ipo. Vipande vimeokotwa kwenye ibada yenyewe, uongo uko kwenye kuviunganisha.

Mwaka 112 hivi, Pliny, gavana wa Bithinia, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alifanya ambacho wengi hawakufanya: aliuliza. Aliwatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kanisa, akahoji na wengine. Akamwandikia Kaisari Trajan kwamba chakula chao ni cha kawaida, hakina madhara. Lakini alikuwa amekwisha kuwaua waliokataa kuikana imani, kwa sababu ya ukaidi wao tu. Trajan akajibu kwamba wasisakwe, na barua za mashitaka zisizo na jina zisipokelewe; ila wakishitakiwa wakagoma kukana, waadhibiwe. Yaani ukweli ulijulikana, na haukuwaokoa.

Huko Lyon, Ufaransa, mwaka 177, watumwa wa nyumba za Wakristo waliogopa mateso wakasema mabwana zao wanakula watu. Mwanamke mmoja, Biblis, alikuwa ameikana imani. Walipomtesa zaidi ili awasingizie wenzake, akauliza: watakulaje watoto watu wasioruhusiwa hata damu ya wanyama? Akauawa pamoja nao.

Ningependa kuishia hapa, Wakristo wakiwa wanasingiziwa tu. Haiwezekani. Mwaka 1144 kijana aitwaye William alikutwa amekufa karibu na Norwich, Uingereza. Mtawa Thomas wa Monmouth akaandika kitabu kizima akidai Wayahudi walimuua kwa ibada yao. Baadaye uzushi huo ulikua, ikadaiwa Wayahudi wanatumia damu ya watoto wa Kikristo, wale wale ambao Torati yao inakataza damu. Watu wengi waliuawa. Mwaka 1247 Papa Innocent IV aliukanusha, haukukoma.

Huyo Thomas hakuwepo Norwich kijana alipokufa. Alifika miaka kadhaa baadaye, akaanza kukusanya "inasemekana".